Mgongo wa Nobo Kabla ya Kulabu

Pale njia panda ya Kusumdihi, kwenye kibanda cha chai cha Khokon, kuna benchi moja la mianzi ambalo limesikia uongo mwingi kuliko mahakama. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi wa Choitro, wa mwisho katika mwaka wao, uishe. Saa nne kasoro asubuhi, jua lilikuwa limeshaanza kuunguza visigino, na watu walewale walikuwa wamekaa palepale. Alikuwapo Poltu, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Alikuwapo Ghontu, aliyeitwa Daktari kwa vile aliwahi kulinda lango la hospitali miaka mitatu. Alikuwapo mzee Bishu, mkuu wa watu wa nadhiri, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Khokon mwenyewe walimwita Sukari, kwa jinsi alivyoionea uchungu kuitia kwenye vikombe vya watu. Na mwishoni kabisa alikaa Nobo, fundi baiskeli, uzi mwekundu wa nadhiri shingoni, tumbo tupu tangu jana jioni. Keshokutwa yake angetobolewa ngozi ya mgongo kwa kulabu mbili, afungwe kamba, apandishwe kwenye charak, mti mrefu wa nadhiri, na kuzungushwa hewani mbele ya hekalu la Shiva. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na amechoka hadi kope.

— Mafuta ya haradali, Redio akasema. Asubuhi na jioni. Unapaka, halafu unaivutavuta ngozi hivi, mpaka iachane na nyama. Ngozi iliyolegea haichaniki.

— Nani kakwambia? Daktari akauliza.

— Mjomba wangu wa Purulia.

— Mjomba wako alining'inia lini?

— Hakuning'inia. Alikuwa anauza mafuta.

Khokon akacheka peke yake kule jikoni. Daktari akakohoa kwanza, kama mtu anayeingia wodini.

— Nobo, sikiliza watu waliosoma. Mafuta hayana lolote. Tatizo ni damu. Mtu akining'inizwa kwa mgongo, damu yote inateremkia miguuni, moyo unabaki mkavu. Nimeyaona kwa macho yangu.

— Umeyaonea langoni? Khokon akauliza.

— Langoni ndiko wote wanakopita, hai na maiti. Kwa hiyo, Nobo, siku hizi mbili ulale miguu juu, umeiegemeza ukutani. Damu izoee kupanda.

Nobo akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na nguvu za kubisha. Usingizi wenyewe alikuwa haupati, miguu ikae juu au chini.

Habari yake ilijulikana kijiji kizima. Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni, mkewe Shefali alianguka uani akiwa na sufuria mkononi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi ukafungwa. Jioni hiyohiyo Nobo alikwenda kupiga magoti hekaluni, akasema mbele ya Shiva na mbele ya mzee Bishu kwamba mkewe akisema tena, hata neno moja, yeye atapanda charak. Miezi minne baadaye, wakati wa baridi, Shefali alionja mchuzi aliompikia, akakunja uso, akasema, “Chumvi.” Nobo alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Tangu hapo mama yule alikuwa anasema kila kitu, na nusu yake ilikuwa lawama, naye Nobo alizipokea kwa furaha. Lakini tangu juma lililopita maneno yalikuwa yameanza kumtoka kwa shida tena. Jana alitaka maji, akahangaika nalo neno hilo mpaka akakata tamaa, akaonyesha kwa kidole. Nobo aliona wazi kilichokuwa kinatokea. Nadhiri ilikuwa inangojewa, na isipotimizwa sawasawa, alichopewa kingechukuliwa.

— Anyoe, Redio akaendelea, maana hakuwa amemaliza. Nywele zina uzito.

— Uzito gani wa nywele, kichwa chenyewe kina upara nusu?

— Hiyo nusu iliyobaki. Na masharubu. Mimi naongea juu ya kulabu mbili, bwana, si mzaha. Kila kinachopungua kinasaidia.

— Basi akate na kucha, Daktari akasema.

— Ndiyo, akate na kucha.

— Mkono mmoja je? Tukaukate kabisa, si uzito unapungua?

— Wewe cheka. Nikwambie jambo ambalo hata hospitalini kwenu hawalijui. Ule mti wa charak unalala wapi mwaka mzima?

— Bwawani. Nani asiyejua?

— Umelala chini ya maji mwaka mzima, umepoa, umetulia. Leo unamfunga mtu wa moto, aliyetoka juani, ambaye mti haumjui. Lazima umkatae. Dawa ni Nobo aende leo bwawani, akae majini mpaka shingoni, apoe kiasi cha mti. Wajuane.

— Akae muda gani?

— Mpaka samaki waache kumkimbia.

Daktari akaitafakari hiyo, na jambo la kusikitisha ni kwamba haikumchekesha. Alisema kwamba kwa upande wa damu, maji baridi hayakuwa wazo baya, ila Nobo aingie kwa kichwa, miguu ibaki nje.

Nobo aliwasikiliza kama anavyosikiliza mvua ya paa la jirani. Hakuja pale kutafuta maarifa. Alikuja kwa sababu kwenye benchi hakuna aliyehitaji kunyanyuliwa. Saa moja tu, kati ya kumwogesha Shefali na kumgeuza, aliruhusiwa kukaa mahali mikono yake ikiwa mapajani, haina kazi. Kiuno kilikuwa kinamuuma mpaka kwenye meno. Akamgeukia mzee Bishu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu aketi.

— Kaka Bishu, inauma?

Mzee Bishu akainywa chai yake taratibu. Alikuwa amepanda mara kumi na moja, na mgongo wake, akivua shati, ulikuwa na makovu yamejipanga pande zote mbili za uti.

— Wanapokutoboa, inauma. Wanapovuta kamba na miguu inaacha ardhi, hapo unamtaja mama yako. Halafu inapita.

— Halafu?

— Halafu uko juu. Hakuna anayekuomba kitu. Watu wako chini wanakuinulia nyuso, wewe unawarushia peremende, basi. Huna la kubeba. Wewe ndiye unayebebwa.

Nobo akatazama pembeni haraka, maana macho yalimjaa. Ndicho alichokuwa anakitaka. Aliona aibu kukitaka, lakini alikitaka kuliko chakula. Mbele ya watu alisema anapanda kwa ajili ya Shefali, na ilikuwa kweli. Ila usiku, akiwa chini sakafuni akisikiliza pumzi za mkewe, alikuwa akiifikiria dakika ile miguu inapoacha ardhi, wanaume wanane wanavuta kamba na mzigo wao ni yeye. Walau mara moja, jamani. Mtu mwingine ashike uzito.

— Hizi habari za mafuta na bwawa ni porojo, mzee Bishu akasema. Sijawahi kulala miguu juu wala kuoga na gogo. Jambo ni moja tu. Ukishafungwa huo uzi, wewe ni wa Shiva kwa siku kumi na tano. Huna ukoo, huna nyumba, na humgusi mkeo. Hata kwa ncha ya kidole. Ukiwa safi, ngozi inashika. Ukiwa umegusa, inaachia.

— Kama Kele, Redio akasema kwa sauti ya chini.

— Kama Kele. Alimfunga mkewe kidonda cha mguu. Kidonda tu, jambo la huruma. Tulimpandisha, hatukujua. Mzunguko wa tatu ngozi ikaachia. Nyonga yake mnaiona mpaka leo. Na yule mtoto aliyemwekea nadhiri, homa ilimrudia mwezi uleule.

Nobo akaiweka mikono yake chini ya mapaja, kama mtu anayesikia baridi, ingawa joto lilikuwa la kukausha mate. Siku ile alipofungwa uzi, mzee Bishu alimuuliza nani atamhudumia mgonjwa, naye akajibu ni mke wa kaka yake. Haukuwa uongo. Shemeji alikuja siku mbili. Siku ya tatu hakuja. Shefali akaanza kulia kwa sababu alikuwa amelowa, na Nobo akasimama mlangoni, uzi shingoni, akihesabu pumzi. Kisha akaingia.

Kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha kibanda alikuwa ameketi mgeni, mchuuzi wa masufuria, baiskeli yake imesheheni hadi haionekani. Tairi lake lilikuwa limetoboka, Nobo akamzibia, na sasa alikuwa anamalizia chai. Muda wote alikuwa anasikiliza bila kuingilia, kama inavyompasa mpita njia. Sasa akajikohoza.

— Samahani, wakubwa. Mimi si wa hapa. Huyu fundi, mkewe hawezi kuinuka, sivyo?

— Hawezi, Daktari akasema. Kiharusi. Upande wa kushoto.

— Na fundi haruhusiwi kumgusa siku kumi na tano.

— Ndiyo sheria.

— Basi siku zote hizi, nani anamnyanyua?

— Mke wa kaka yake, mzee Bishu akajibu.

— Yule? Redio akasema, na hakuweza kujizuia hata kama angetaka. Yule yuko Asansol kwa binti yake tangu Jumatano ya juma lililopita. Nilimpakia mizigo kwenye basi mwenyewe.

Mzee Bishu akakiweka kikombe chini.

— Basi jirani, Daktari akasema.

— Jirani ni nani? Khokon akauliza.

— Jirani ni... Daktari akanyamaza, kwa sababu jirani alikuwa yeye. Mke wangu ana presha, akasema. Haingii penye mgonjwa. Nilidhani ni wa kwako, Sukari.

— Wa kwangu anakamua ng'ombe saa hizo. Mimi nilidhani Redio.

— Mimi sina mke, Redio akasema. Mnajua sina mke.

Wakatazamana. Mchuuzi wa masufuria alikuwa bado anangoja jibu, kwa adabu, kikombe mkononi. Kisha, mmoja mmoja, wote wakamtazama Nobo.

— Mimi, Nobo akasema.

Akaitoa mikono yake chini ya mapaja.

— Asubuhi namwogesha. Saa tano namgeuza. Jioni namlisha, namgeuza tena. Tangu siku ya tatu. Kaka Bishu, nimemgusa kila siku.

Sauti yake haikuwa ya mtu anayeungama dhambi. Ilikuwa ya mtu anayetua gunia.

— Kama nimeharibu, niambie. Sitaki kupanda mchafu, halafu maneno yake yapotee yote. Lakini zimebaki siku mbili. Mmoja wenu anipe mkewe, au dada yake, au mama yake, aje mara tatu kwa siku. Ni siku mbili tu. Nitaoga, nitafunga upya, nisimguse kabisa, nipande nikiwa safi. Naomba hilo tu.

Khokon akachukua kikombe kilichokuwa kisafi, akakisuuza. Daktari akaichunguza miguu yake, pengine akitafuta damu. Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile litengenezwe, alikuwa kimya. Mchuuzi akaona ameuliza jambo lisilomhusu, akaaga kwa mkono, akaondoka na baiskeli yake, masufuria yakigongana hadi alipokata kona.

Mzee Bishu alikaa muda mrefu akiutazama uzi shingoni mwa Nobo. Sheria alikuwa anaijua kuliko wote. Alijua pia kwamba nyumbani kwake kulikuwa na wake watatu wa wanawe, wenye afya, wanalala mchana.

— Mimi masikio yangu siku hizi, akasema hatimaye, akiyasugua. Sijasikia kitu. Redio, wewe umesikia kitu?

— Mimi? Hapana, kaka. Sijasikia.

— Daktari?

— Jiko lilikuwa linapiga kelele.

— Sukari?

— Nilikuwa nasuuza.

— Basi hakuna kilichosemwa. Nobo, keshokutwa saa nane mchana. Uje umeoga.

Nobo akakaa na hilo. Alijua amefanyiwa hisani kubwa. Mzee Bishu alikuwa ameivunja sheria ya maisha yake mbele ya mashahidi, kwa ajili yake, na kamba zingevutwa, na angepanda. Angepaswa kushukuru. Lakini hakuweza, kwa sababu alielewa vizuri mno. Wamemsamehe ili wasilazimike kumsaidia. Na ngozi yake ingepanda vilevile ilivyo, imegusa, na keshokutwa ingeamua yenyewe kama inashika au inaachia, na Shefali angelala kitandani akingoja kujua. Msamaha alikuwa hautaki. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu kati ya wanne, aseme, nimesikia.

— Chai imekwisha, Khokon akasema, ingawa hakuna aliyeagiza.

Nobo akainuka kwa kujishika magoti, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Saa tano ilikuwa imekaribia.

— Asante, akasema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema. Kisha akaenda kumgeuza mkewe.