Kunyakua Mkoba Bila Kusimamisha Treni

Jumamosi moja ya Aprili, mwaka themanini na tano, maktaba ya mtaa wetu wa Vällingby ilionyesha filamu ya zamani ya Waingereza kuhusu treni ya barua. Tulikwenda kwa sababu kahawa ilikuwa ya bure. Tukarudi kwenye benchi letu pale uwanjani tukiwa wataalamu wa reli. Mashauri tulimwita Injinia, maana aliletwa Sweden kusomea madaraja, akaishia kusafisha ndege kule Märsta. Bethuel, Mkenya, alikuwa Tume, kwa kuchunguza yasiyomhusu. Sowedi, Mganda, alikuwa Balozi, ingawa serikali ya kwao ilimtafuta kwa nia nyingine kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa na kukubaliana na aliyesema mwisho.

Kilichotushika ni kipande kimoja tu: mkoba wa barua umening'inizwa kwenye mlingoti kando ya reli, treni inapita mbio, wavu unachomoza ubavuni mwa behewa na kuunyakua.

— Kwa nini haisimami? akauliza Tume.

— Ikisimama itabidi wasalimiane, akasema Injinia. Mzungu akitaka kukwepa salamu anavumbua mashine.

— Wacha wewe! akasema Tume. Hiyo treni haikutembea hata kidogo. Imewekwa ndani ya nyumba, watu wanasukuma miti ipite dirishani.

— Miti inasukumwaje?

— Imewekewa magurudumu. Uingereza kila kitu kina magurudumu.

— Banange! akasema Balozi. Wale ni majasusi. Yule mwenye kofia alikuwa anasoma barua kwa kupapasa bahasha. Ndiyo maana za kwetu hazifiki. Zimesomwa mpaka zimeisha!

Tukacheka, na Balozi akacheka kutushinda. Lakini kule maktabani, taa zilipowashwa, tulimwona akifuta macho. Mama yake alikuwa Luweero, na tangu vita vichachamae huko hakupata habari zake. Hilo hatukuwa na nadharia nalo, tukalipita mbio.

Injinia akadai mkoba unaweza kunyakuliwa hata kwa baiskeli. Tume akamwambia athibitishe. Tukaazima wavu kwa Thomas, muuza samaki. Mkoba ulikuwa wangu, tukauning'iniza kwenye nguzo ya taa; baiskeli ilikuwa ya Tume, na Balozi akajitolea kuwa treni.

Alikuja kwa kasi, koti likipepea, mabibi wa Kiswidi wakimpisha. Wavu ukanasa mkoba vizuri sana. Ila mkoba haukutoka kwenye nguzo, na Balozi hakuachia wavu. Baiskeli ikaendelea peke yake. Ndani ya mkoba tukasikia kioo kikivunjika: Injinia alikuwa ameniambia nitie chupa ya kahawa ili kuwe na uzito.

— Nadharia ni sahihi, akasema Injinia, kahawa ikichuruzika kutoka mkobani. Kosa ni la nguzo.

Wakati huo Domina, muuguzi aliyehamia karibuni kutoka Bukoba, alikuwa anatoka kituo cha treni. Akapiga magoti, akamfunga Balozi goti kwa leso yake, akauliza kulikoni. Tukamweleza wote kwa pamoja: wavu, majasusi, miti ya magurudumu, barua za Balozi zisizofika Luweero. Akatusikiliza hadi mwisho.

— Kwani kaka, akamwuliza Balozi, huko Luweero posta bado ipo?

Injinia akatazama nguzo. Tume akatazama baiskeli yake. Mimi nikamtazama Tume.

— Sijui, dada, akasema Balozi.

Miaka yote ya kijiwe kile sikuwahi kumsikia mtu akitamka neno hilo.

— Na mama, hana ndugu kwingine?

— Dada yake yuko Kampala. Huenda alikimbilia kwake. Huko sijaandika. Naogopa kujibiwa.

Domina akamshika mkono, akamwinua. Balozi akajikung'uta suruali, akauliza posta ya Vällingby hufungwa saa ngapi Jumamosi.

Hakuna aliyejua, na miaka yote benchi letu lilikuwa limeupa mgongo mlango wa posta hiyo.