Mikono ya Talib Haikuficha Kitu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mlipo hapa London. Leo tunamkumbuka Talib Shaame, mzee wetu wa Wete, Pemba, aliyefariki Jumanne nyumbani kwake Lewisham. Talib Shaame, mrusha machungwa.

Kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, miaka ishirini na sita. Akitoka kazini, alichukua machungwa matatu, akayarusha na kuyadaka bila kuangusha hata moja. Watu wetu mchezo huo huuita kiinimacho, wengine mazingaombwe. Talib maneno hayo hakuyapenda kabisa. Kiinimacho ni kumfanya mtu aone kisichokuwepo, na yeye hakumdanganya mtu. Ndiyo maana kabla ya kurusha alikunja mikono ya shati hadi viwikoni, akawaonyesha watoto viganja. "Narusha, nadaka. Basi," alikuwa akisema.

Kila Idi alicheza kwenye ukumbi wa jumuiya. Watoto wetu wanaojibu kwa Kiingereza tu, machungwa ya Talib waliyahesabu kwa Kiswahili.

Rafiki yake Munir alifundishwa naye kurusha, jikoni kwa Bi Jokha, mke wa Talib. Mwaka juzi Munir akataka kucheza Idi peke yake. Akaiendea kamati ya jumuiya, akasema Talib anafanya kiinimacho mbele ya watoto, tena anatia na uganga. Munir huyo huyo, aliyejua hakuna kilichofichwa. Kamati ikamwamini. Talib akazipata habari redioni, chungwa mkononi.

Redioni hapa hapa, wasikilizaji. Tangazo nililisoma mimi: "Idi hii hakuna kiinimacho." Sikuuliza. Kila Ijumaa Talib alikuwa akitupigia kutuma salamu. Tangu siku ile hakupiga tena.

Jana Bi Jokha aliniambia, "Kamati haikumuuma. Munir kala kwangu miaka kumi. Akija kwenye hitma ya kumwombea Talib mpeni chai, lakini asiseme alikuwa rafiki."

Nikamwuliza, na mimi je?

"Wewe kasome tangazo jengine. Mara hii useme kweli."

Bi Jokha, na bintiyo Siham, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nanyi wasikilizaji, kabla hamjampachika mtu jina, kamwulizeni mwenyewe.

Sasa tangazo. Talib Shaame hakufanya kiinimacho. Alirusha, akadaka. Basi. Nimechelewa miaka miwili kulisoma.