Rubani Tuliyemwita Bado

Marehemu mdogo wangu alizaliwa mwaka 1957. Hapana, dada yetu amenirekebisha: 1957 ndio tulihamia nyumba ya nyuma ya gereji. Yeye alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, tukiwa tumeshazoea kelele.

Baba yetu alikuwa fundi breki hapo gereji. Hakumkabidhi mtu gari lake mpaka aliteremshe mlimani yeye mwenyewe kwanza. Mdogo wangu alikaa mbele, kimya, akitazama miguu ya baba. Mimi nilikaa nyuma nikipiga kelele.

Alisoma shule za jirani. Hesabu aliziweza, kuimba hakujaliwa. Mwaka 1980 aliingia chuo cha urubani, akaanza kazi na ndege ndogo za mizigo, kisha mwaka 1989 akahamia shirika la abiria. Katikati hapo, mwaka 1985, alimwoa shemeji yetu, mwalimu, ambaye mpaka leo ndege anaiogopa.

Mwaka 1996 shirika lilikua ghafla. Ndege mpya zilifika kabla zile za jana hazijazoeleka, na makapteni wakatafutwa mbiombio. Marehemu akaitwa ofisini apewe ukapteni. Habari tukaipata mapema, mama akaalika majirani, shemeji akashona gauni. Jioni mdogo wangu akaingia na mistari ile ile mitatu begani, ya rubani msaidizi.

"Wamekunyima?" mama akauliza.

"Wamenipa. Nimewaambia bado."

"Bado nini tena, mwanangu?"

"Ndege hii naijua jua likiwaka, mama. Kwenye mvua kali bado sijaijua."

Shemeji akasema, "Na wageni wote hawa niwaambie nini?"

"Waambie wale. Chakula kiko tayari, mimi ndiye sijawa tayari."

Jina likamganda. Vijana waliokuja nyuma yake walimpita, wakamtania kwenye korido, "Shikamoo, Bado." Ofisini walimwonya kwamba nafasi huenda isirudi, naye alikuwa na watoto wa kusomesha. Akaendelea kuomba safari za msimu wa mvua, zile wenzake walizozikimbia. Mwaka 1998 akaenda mwenyewe ofisini akasema sasa yuko tayari, wakampa mstari wa nne. Siku hiyo mama hakualika mtu. Alisema ameshajifunza.

Baadaye akawa mkufunzi. Mwaka 2007 alikuwa akitua kwenye mvua kubwa, kando yake binti mgeni kabisa kazini. Chini kabisa, uwanja unaonekana, binti akamwambia, "Bado, Kapteni. Hatujatulia." Mkubwa mwingine angemnyamazisha. Marehemu aliipandisha ndege juu tena, akazunguka, akatua mara ya pili taratibu kama mtu anayeketi kwenye kiti chake. Abiria walinuna kwa kuchelewa. Akasimama mlangoni kuwaaga: "Wa kulaumiwa ni mimi. Wa kushukuriwa ni huyu." Binti yule sasa ni kapteni, ameketi safu ya pili hapo. Nimemwomba ruhusa kulisema hili.

Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2023 akaugua ini. Wodini muuguzi alikuwa akimuuliza, "Mzee, umemaliza uji?" naye anajibu, "Bado," na shemeji anacheka hata siku ambazo hakukuwa na cha kuchekesha. Alifariki tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yetu na mimi. Alale kwa amani, safari zake zote alizifikisha.

Siku alipoagwa kazini nilimuuliza mkuu wa shirika jambo moja, akanikatia keki. Nimewauliza na wengine tangu hapo, wanatazama saa. Leo nauliza tena mbele ya jeneza lake: hawa vijana wanaokabidhiwa ndege harakaharaka, ni nani anayewaambia kwamba wanaruhusiwa kusema bado, na kwamba kesho kazi yao wataikuta?