Mama Maganda na Vitanda vya Chaza

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tatu, wasikilizaji wapendwa. Asubuhi, maji yamekupwa. Ndiyo siku mambo yalipoharibika. Lori liliteremka hadi mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi, likazoa maganda ya chaza. Yote, wasikilizaji. Maganda ambayo mama mmoja aliyarudisha kwenye matope yale miaka nenda miaka rudi.

Mama huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mama Maganda. Alichuma chaza, akauza nyama yake sokoni, na jioni akarudisha maganda alikoyatoa. Mumewe, fundi baiskeli, alizoea kununa.

"Nilioa mke, nikapewa na jalala."

"Nuna tu, baba watoto," mkewe alimjibu. "Haya ni vitanda. Kichanga cha chaza kisiposhika ganda, maji yanakichukua."

Kisha akamwonyesha. Jani la mkoko linaanguka, linaoza. Minyoo wanakula uozo, kaa anakula minyoo, samaki anakula kaa, ndege anakula samaki, na kinyesi cha ndege kinarudi kulisha mkoko. Chaza wapo hapo katikati, wanachuja maji. "Hapa hakuna mwisho," alisema. "Kuna zamu tu."

Siku ya lori alisimama mbele ya msimamizi wa vibarua.

"Mwanangu, umebeba vitanda vya watu."

"Watu gani, mama?"

"Chaza."

Vibarua wakacheka. Msimamizi akajibu neno moja: "Tumetumwa." Eti mji usafishwe, wakubwa wanakuja kuzuru. Na wakubwa wenyewe wakapita, vioo vya magari vimefungwa.

Mwaka ule chaza hawakushika. Maji yakawa mazito, yakanuka. Mama Maganda akaanza upya, ganda kwa ganda, mpaka moyo ulipomlaza. Alitutoka mwezi uliopita.

Mzee, yule mumewe fundi baiskeli, anawalaumu wakubwa, wala hamung'unyi maneno. "Mzigo wa mara moja walimbebesha mara mbili," anasema. Lakini shukrani zake ni nyingi kuliko lawama. Anawashukuru mama lishe wa sokoni, waliokuja msibani kila mmoja na ndoo ya maganda. Anamshukuru binti yake, aliyeingia naye matopeni kuyamwaga.

Juzi binti huyo aliinua ganda moja. "Baba, njoo. Ameshika."

Kachaza kenyewe kadogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mzee akaketi kwenye matope, bila kujali suruali.

"Lala, mama watoto," akasema. "Vitanda vimepata wenyewe."

Mzee, binti, na jamaa wote wa Mama Maganda, poleni sana. Nawe unayetusikiliza, kabla hujaita kitu taka, jiulize nani analala humo.

Mzee amezunguka ofisi zote, kofia mkononi, kuuliza maganda yaliondolewa kwa amri ya nani. Kila ofisi inamjibu neno lilelile la msimamizi: tumetumwa.

Haya, wasikilizaji wapendwa. Na nani?