Sanduku Lililofungwa kwa Waya wa Kompyuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Seremala. Mama mwenye karakana, ambaye pia ni mama mkwe wangu, na kwa hiyo naanza kwa kumwomba radhi mara mbili. Mafundi wote wa mashine na wa msasa. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mama Barua, uliyekalishwa mbele kwa kulazimishwa: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi nimuage karani wetu. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na mmoja, kwenye meza ileile iliyo kati ya dirisha na msumeno, akiwajibu wateja wa nje wanaoagiza mipini ya shoka, ya majembe na ya nyundo. Wengi mnadhani aliitwa Mama Barua kwa kuandika barua. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja nathibitisha kwamba ni kwa kuzisoma, tena mara mbili, kalamu mkononi.

Miaka mitatu iliyopita Mama aliniita akasema wateja wa nje siku hizi wanatafuta kwenye mtandao, hivyo mkwe aliyesomea kompyuta atutengenezee tovuti. Nami nilitengeneza nini? Nilitengeneza rafu zetu. Wageni hawajui, lakini humu ndani kila mpini unaitwa kwa mteja aliyeuagiza mara ya kwanza: kuna wa Mjane, kuna wa Bwana Haraka, kuna wa Pacha. Nikaipanga tovuti hivyohivyo, nikajiona nimefanya la maana. Sasa niwaulize: mtu aliye upande wa pili wa dunia, shoka lake limevunjika mpini asubuhi, ataandika kwamba anatafuta wa Mjane?

Sikuishia hapo. Lugha zote nilizirundika chini ya anwani moja, zikatafsiriwa na mashine, na tovuti ikawa inakisia lugha ya mgeni kwa kuangalia yuko nchi gani, bila kumuuliza. Mtu akiwa safarini aliletewa maandishi asiyoyajua hata herufi zake, na pa kubadilishia hapakuwepo. Miezi minane ikapita bila agizo hata moja kutoka nje. Mashine mbili zilifunikwa turubai, na mafundi wanne wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Mama aliniambia mezani, mbele ya mke wangu, "Mkwe, duka umelipamba vizuri, ila umelificha."

Katika miezi hiyohiyo nilitaka nafasi ya kompyuta ya pili. Chini ya meza ya Mama Barua kulikuwa na sanduku la barua zote za wateja, na yeye alikuwa likizo. Aliporudi akalikosa. Mzee wetu wa usafi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi, basi akaulizwa yeye. Akajibu kwamba hutoa tu kile anachokikuta kimewekwa mlangoni. Hakuna aliyeuliza kiliwekwa na nani. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, nikajifanya hamnazo. Mzee akanyang'anywa ufunguo, na tangu siku ile anafagia uani tu.

Mama Barua alilipata sanduku bandani, chini ya maranda ambayo yangechomwa Ijumaa. Lilikuwa limefungwa kwa waya wa kompyuta yangu ya zamani. Aliufungua, akaukunja vizuri, akauweka mezani kwangu. "Nimeona," akasema. "Mzee nimeshamwambia najua si yeye. Lililobaki utalisema mwenyewe, ila usingoje mpaka nistaafu."

Kisha, ndugu zangu, akanivutia kiti. Tulisoma barua zile wiki sita. Pembeni alikuwa ameandika watu wa nchi gani huuliza kwanza urefu kwa inchi, wa wapi huuliza kama mti utapasuka kwenye baridi kali, na nchi zipi mbili zina lugha moja lakini chombo kilekile kila moja inakiita kivyake. Nilipoleta jina la ukurasa mpya wa tovuti aliuliza swali moja tu: huyu mtu akiwa na shida, anaiitaje? Nikiwa sina jibu, ukurasa ulirudi.

Kwa hiyo kila lugha ikapata kurasa zake, zenye anwani zisizobadilika, na kila ukurasa ukawaonyesha wenzake, ili mitambo ya kutafuta ijue kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja, si wezi walionakiliana. Zile nchi mbili zikapata kurasa mbili. Tafsiri zikasomwa na watu. Mgeni akaachiwa achague lugha mwenyewe, kama mtu mzima. Mwezi wa nne tangu kurasa hizo ziwekwe, mchonga mawe mmoja wa nje aliagiza mipini ya nyundo, akaandika kwamba ametupata kwa kuuliza swali ambalo maduka ya kwao hayajawahi kumjibu. Turubai zikatoka. Wale mafundi wanne ndio hao waliokaa nyuma, karibu na chakula.

Watu hunisifu kwa tovuti ile, nami nimekuwa nikipokea. Leo nasema imejengwa na Mama Barua, kwa sanduku ambalo nililitupa mimi. Mama mkwe, nililitoa mimi, nikaliweka mlangoni, nikanyamaza mzee wa watu akilaumiwa. Nimeona aibu miaka miwili na sikuwa na ujasiri wa kuisema. Mzee wangu, nisamehe. Ufunguo wangu wa ofisi ni huu wenye uzi mwekundu, nakuomba uupokee mbele ya hawa wote. Mimi nitabisha hodi.

Mama Barua, kadi ya mwaliko inasema kustaafu kwako kunaanza saa kumi kamili. Saa ya ukutani inaonyesha kumi kasorobo, kwa hiyo sikungoja mpaka ustaafu.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Asanteni sana.