Orrin Haugen, Aliyefuata Nyayo Kinyumenyume

Mchungaji ameniomba wasifu huu usizidi kurasa mbili, kwa sababu nje kuna baridi na kaburi limechimbwa kwa taabu katika ardhi iliyoganda. Nitajitahidi. Marehemu mwenyewe angeumaliza kwa sentensi mbili, na moja ingehusu mbwa.

Orrin Sigvald Haugen alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya magogo iliyo juu ya bonde letu la Skarn Creek, Montana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Sigvald na Inga Haugen. Mdogo wake, Lyle, ambaye ndiye baba yangu, alizaliwa miaka mitatu baadaye. Bibi Inga alizoea kusema kwamba Orrin alizaliwa mzee, na Lyle alikataa kukua. Aliwapenda wote wawili na aliwachapa wote wawili, ila Lyle zaidi.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapa bondeni, kisha akamaliza sekondari mjini Libby mwaka 1969. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Kinachokumbukwa ni asubuhi moja alipochelewa shule, na mwalimu akamuuliza kwa kejeli kama puma amemla njiani. Orrin akajibu kwa adabu, "Hapana, mwalimu. Alikuwa anavuka barabara na watoto wake, nikangoja wapite." Darasa zima lilicheka, na mwalimu akamsimamisha pembeni kwa kusema uongo. Jioni Babu Sigvald alikwenda kuangalia, akazikuta nyayo kwenye theluji kama alivyoambiwa. Kesho yake alimpeleka mwalimu barabarani akazione kwa macho yake.

Kutoka shuleni aliingia msituni kukata magogo, na kiwanda cha mbao kilipofungwa aliajiriwa na kaunti kuendesha greda la kusafisha theluji. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2013. Ninyi nyote mliowahi kufika kazini mapema wakati wa baridi mlipita katika barabara aliyoifungua yeye. Wengi hamkumsalimia, na nitaeleza sababu, maana kila aliyeketi humu anaijua na nimechoka kuiona ikizungukwa kama shimo la barabarani.

Mwaka 1979, tarehe 16 Juni, alifunga ndoa na Bernadine Kolstad katika kanisa hili. Mungu hakuwajalia watoto. Mama Mkubwa Bernadine alikuwa mcheshi, na ndiye aliyeweza kumtania Baba Mkubwa hadi akacheka kwa sauti. Wageni wakimwuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko na wake zake wengine, wale wenye masikio marefu wanaobweka." Alifariki kwa saratani mwezi Oktoba 2009. Siku ya mazishi yake, baba yangu alikaa nje ndani ya gari lake, injini ikinguruma, hadi watu walipotawanyika. Hakuingia. Baba Mkubwa alikuwa ameketi mstari wa mbele peke yake, na nafasi iliyokuwa kando yake haikujazwa na mtu.

Sasa nije kwenye mbwa. Babu Sigvald alikuwa na jike mmoja wa kusaka, mwenye pua isiyodanganyika, na mbwa wote wa ndugu hawa wawili wametokana na tumbo lake. Tangu ujana wao Orrin na Lyle walisaka puma pamoja kila majira ya theluji. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni ya miguu zaidi kuliko ya bunduki. Mbwa wanafuata harufu, puma anapanda mtini, mbwa wanabweka chini, na msakaji anafika baadaye akihema. Akishafika, anatazama juu na kuamua. Mara nyingi ndugu hawa waliamua kumwacha. Walimtazama, wakawafunga mbwa kamba, wakarudi nyumbani kunywa kahawa.

Kuna sheria, na sisi wa hapa tunazijua kama sala ya Baba Yetu. Kila eneo lina idadi yake ya puma wanaoweza kuuawa, na majike wana idadi yao ndogo zaidi. Idadi ikitimia, msimu wa kuua umefungwa hata kama kibali chako bado kipo mfukoni. Unapiga simu kuuliza kabla ya kutoka. Na jike mwenye watoto wa madoadoa, yaani wangali wadogo, haguswi kabisa. Shida ni kwamba jike huwaacha watoto karibu na mzoga na kutembea peke yake, hivyo nyayo zake barabarani zinaonekana kama za puma asiye na familia. Msakaji mwenye haraka anaona nyayo za mnyama mmoja, anafungulia mbwa.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 1998. Baba alikuwa mbele kwa sababu miguu yake ilikuwa myepesi. Hakuwa amepiga simu asubuhi ile. Alifika mtini kwanza, akaona puma mdogo wa umbo, akadhani ni dume kijana, akafyatua. Baba Mkubwa alipofika, mnyama alikuwa chini. Walimgeuza. Alikuwa na maziwa.

Maneno yaliyofuata nimeyasikia kwa baba na kwa Baba Mkubwa, kila mmoja kwa wakati wake, na hayatofautiani.

"Tumfukie hapa hapa," baba alisema. "Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Wewe ni kaka yangu, Orrin!"

"Ndiyo maana nakuomba twende wote tukaripoti. Ukienda mwenyewe itakuwa nafuu kwako."

"Siendi. Na ukienda wewe, usirudi kwangu."

Baba Mkubwa alikwenda peke yake kwa bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Yeye na afisa yule walizunguka mlimani siku mbili wakiwatafuta watoto wa yule jike, hawakuwapata. Baba alinyang'anywa kibali kwa miaka mitano, na bunduki aliyoitumia, ile ya Babu Sigvald, ilichukuliwa pia. Bonde likagawanyika, ingawa halikugawanyika sawa. Wengi walikiri kwamba Orrin alifuata sheria, lakini kukiri si kuketi naye. Kwenye baa watu walimwita mchongezi, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti. Hakuna aliyekwenda tena kusaka naye.

Alikuwa mpweke. Ninalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema, na kwa sababu watu hupenda kudai kwamba mtu wa aina yake alipenda kuwa peke yake. Hakupenda. Alikuwa akipika viazi vya watu wawili na kumpa mbwa nusu. Nikimtembelea, alinimiminia kahawa kabla sijakaa, na nilipoinuka kuondoka alikumbuka ghafla jambo la kunionyesha nyuma ya nyumba. Mara nyingine lilikuwa rundo la kuni.

Ila kati yake na baba yangu kulikuwa na njia moja ambayo haikufungwa. Bonde hili lina desturi ya zamani kuliko sheria yoyote: mbwa wa mwenzako akipotea ukamwona, unamlisha, unamtibu miguu, unamrudisha. Hata kama mwenye mbwa ni adui yako. Na ukisikia mbwa wa mtu wanabweka mtini na hakuna anayewafikia, unakwenda. Mbwa haachwi mtini.

Kwa hiyo, baba aliporudishiwa kibali, ndugu hawa ambao hawakusalimiana hata dukani walianza kurudishiana mbwa. Tulikuwa tukiamka tunamkuta mbwa wetu amefungwa kwenye lango, tumbo limejaa, nyayo zimepakwa mafuta. Hakuna barua, hakuna neno. Na mbwa wa Baba Mkubwa akija kwetu, baba alisema, "Mbwa wa yule bwana kapotea tena. Mpeni nyama ya kulungu."

Mama alimwuliza mara moja, "Si umpe makombo? Huyo bwana mnagombana."

"Mimi nagombana na mwenye mbwa. Mbwa hana kesi."

Mama akamwangalia. "Na hiyo nyama umeikata vipande vidogo vidogo kama ya mtoto mchanga."

"Meno yake yameisha, mke wangu. Niache."

Mbwa huyo aliitwa Hazel. Nina mashaka kama kila mara alipotea kweli. Nadhani aliijua njia vizuri kuliko sisi sote.

Mwaka 2019 Baba Mkubwa alipatikana na ugonjwa wa moyo. Daktari alimkataza kupanda milima kwenye theluji, naye alimsikiliza kwa heshima na hakumtii. Tangu mwaka ule wa jike mwenye maziwa, alikuwa na kanuni yake binafsi: hakufungulia mbwa hata mara moja kabla ya kufuata nyayo kinyumenyume, kule puma alikotoka, mpaka aridhike kwamba hakuna nyayo ndogo zinazoungana nazo. Vijana wa hapa walimcheka. "Mzee Haugen husaka kwa kurudi nyuma," walisema. Mara nyingi alipomaliza kurudi nyuma puma alikuwa ameshavuka mlima wa pili. Hakujali.

Jumamosi tarehe 6 Februari mwaka huu, wa 2021, alitoka asubuhi na mbwa watatu. Kabla ya adhuhuri baba alikuwa anapasua kuni upande huu wa bonde akasikia mbwa wakibweka mtini ng'ambo. Alimtambua Hazel kwa sauti. Alipasua kuni, akasikiliza. Mwenye mbwa akifika mtini, sauti yao hubadilika, huwa ya furaha. Hii haikubadilika. Baba aliweka shoka chini, akamwambia mama, "Hajafika," akawasha pikipiki ya theluji.

Mtini aliwakuta mbwa peke yao. Juu kulikuwa na jike, na kutoka chini aliona chuchu zake. Aliwafunga mbwa, akawavuta mbali ili mnyama apate nafasi ya kushuka. Kisha akafuata nyayo za mbwa kurudi nyuma. Hawakuwa wametoka mbali. Akamkuta kaka yake ameketi chini ya msonobari, mgongo kwenye shina, kamba ya mbwa mkononi, na alikuwa hai.

Baba alimvika koti lake, akawasha moto, akapiga risasi tatu hewani kuita msaada, akamlaza Hazel miguuni pake. Kwa miaka ishirini na mitatu hawakuwa wamesemezana. Neno la kwanza la Baba Mkubwa lilikuwa hili:

"Umewafunga mbwa?"

"Nimewafunga, kaka."

"Dume au jike?"

Baba anasema alifikiria kudanganya. Alimtazama usoni akaona haiwezekani. "Jike. Ana maziwa."

Baba Mkubwa akafumba macho. "Sikurudi nyuma, Lyle. Pumzi ilikataa. Nyayo zilikuwa za mmoja, nikafungulia."

"Nimemwacha. Atashuka, atawarudia wanawe."

Kisha Baba Mkubwa akasema, "Basi kaniripoti."

"Huku hakuna mtandao, we mzee."

Walicheka. Baba anasema walicheka hadi Hazel akainua kichwa, na Baba Mkubwa akashika kifua kwa maumivu na bado anacheka. Baada ya hapo alimwuliza kama bado ana ile bunduki ya baba yao, akakumbuka mwenyewe kwamba ilichukuliwa, akasema, "Nisamehe kwa bunduki. Kwa lile jingine, siombi." Baba akamjibu, "Kwa lile jingine nilikwishakusamehe, ila sikujua pa kuanzia." Waokoaji walipofika na machela, marehemu alikuwa ameshatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Kesho yake baba aliondoka nyumbani bila kunyoa wala kula. Alirudi pale nyayo za yule puma zilipokatiza barabara, akazifuata kinyumenyume, kwa niaba ya kaka yake. Alirudi mchana amelowa hadi magotini. Nilikuwa mezani nikiandika wasifu huu. Alisimama nyuma yangu, akasoma, akasema, "Orodha ya aliowaacha haijakamilika. Ongeza."

Marehemu ameacha mdogo wake, Lyle Haugen, ambaye leo ameketi mstari wa mbele. Shemeji yake, Maureen. Mimi, Tressa, binti wa mdogo wake. Mbwa watatu, Hazel, Sarge na Biddy, ambao sasa wanalala jikoni kwetu. Na juu ya Skarn Creek, mbele ya mzoga wa kulungu, puma jike mmoja na watoto wawili wa madoadoa, ambao mama yao aliwarudia.

Lala kwa amani, Baba Mkubwa. Mbwa wamefungwa, na wamekula.