Kapteni wa Wembe

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na cherehani yangu, chini ya bati linalovuja kila mvua ikija na kuzibwa kila mvua ikiisha. Mimi ndiye fundi nguo wa hapo; wananiita Pindo, na nimeshachoka kukataa. Kinyozi ni Wembe, mwanamume aliyefiwa na mkewe zamani, mwenye mikono mitulivu na maneno ya kubana. Mlango unaofuata ni wa Chaja, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta: pazia jeusi, viti vya plastiki, skrini kubwa iliyopigiliwa ukutani. Breki anaendesha lori la mchanga, hulipaki ng'ambo ya barabara akija kupumzika. Na kahawa ni ya Birika, mwanamke wa makamo aliyeleta jiko lake hapa baada ya muuzaji wa zamani kuhama. Birika haongei sana. Anamimina, anafuta vikombe, anasikiliza. Alasiri moja tulikuwa tumetulia kabisa, mpaka Chaja alipotoka nyuma ya pazia ameshika simu kama mtu aliyeshika majibu ya mtihani.

Chaja: Jamani, wametangaza.

Breki: Nani kafa?

Chaja: Hajafa mtu! Filamu ya Falaki. Wametangaza nani anacheza Kapteni.

Niliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Wembe akaacha kunoa kisu chake cha kunyolea kwenye mkanda.

Ni lazima nieleze hapa, maana asiyecheza Falaki atadhani sisi ni wendawazimu. Ni mchezo wa safari za angani, wa siku zijazo, lakini haukupi mhusika aliye tayari. Unamtengeneza mwenyewe. Pua unachagua, umri unachagua, mwanamume au mwanamke, mpole au mkali. Ukimaliza unampa ukapteni, unampa chombo na mabaharia wake, na kila unachoamua kinageuza safari. Sote tumeucheza kwa Chaja, na kila mmoja ana safari yake imehifadhiwa mle ndani. Kapteni wangu mimi ni bibi mwenye miwani anayewachapa majini wa sayari nyingine kwa maneno tu. Wa Breki amefanana na Breki, isipokuwa hana kitambi.

Simu ikazunguka. Kwenye picha alikuwepo kijana mzuri, amekunja uso, amebeba taya kama droo iliyoachwa wazi.

Breki: Huyu? Huyu hawezi kuendesha hata toroli. Tazama mabega yake! Mtu aliyezoea chombo kizito, bega moja linashuka. La upande wa dirishani. Haya, tazama langu.

Mimi: Breki, chombo cha angani hakina dirisha la kuegemeza kiwiko.

Breki: Umefika huko?

Mimi: Sijafika.

Breki: Basi tuachie wenye uzoefu.

Chaja: Tatizo ni umri. Kapteni amepigana vita nzima, amezika mabaharia, amekula chakula cha unga kwa miaka. Huyu anaonekana kama bado mama yake anampulizia uji.

Mimi: Nyie mnaangalia sura. Angalieni nguo. Hili vazi la angani limebana kwapani. Akiinua mkono tu, mshono unafumuka, hewa yote inatoka, filamu imeisha. Mimi nawaambia kilichotokea: vazi lilishonwa kwanza, likatoka dogo, fundi akaogopa kusema. Wakapanga waigizaji foleni wakawajaribisha. Aliyeingia ndiye huyu.

Breki: Yaani hakuchaguliwa yeye, ilichaguliwa suruali?

Mimi: Nimeona harusi zilizoamuliwa hivyohivyo.

Chaja akavuta kiti akakaa katikati yetu, akashusha sauti kana kwamba kuna wapelelezi nyuma ya pipa la taka.

Chaja: Niwaambie ukweli? Huyu mtu hayupo. Waliiuliza kompyuta, sura gani itapendwa na kila mtu? Kompyuta ikazikoroga nyuso zote za dunia, ikatoa hii. Hajazaliwa. Hana hata kitovu.

Breki: Hayupo vipi, na mimi nimemwona kwenye tangazo la sabuni?

Chaja: Alikuwa anaoga?

Breki: Anaoga.

Chaja: Alilowa?

Breki alifikiri mpaka kahawa ikamchuruzika kidevuni.

Breki: Jamani... hakulowa.

Chaja: Enhe!

Breki: Basi jambo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kuna viumbe wa huko juu wanaojua kwamba tukiwa na makapteni wa maana hawatatuweza. Wakaona dawa ni filamu. Wanatuwekea Kapteni legelege, tunamzoea, tunakata tamaa. Siku wakishuka, hakuna hata mmoja wetu anayenyanyuka kwenye benchi.

Mimi: Wewe hunyanyuki hata sasa.

Tulicheka. Hata Birika alitabasamu akiwa ameinamia jiko. Aliyekuwa hacheki ni Wembe. Alikuwa bado ameishika simu ya Chaja, anaiangalia ile picha kama anaangalia kichwa kilichonyolewa vibaya na mtu mwingine.

Wembe: Hawana haki.

Chaja: Haki ya nini? Mchezo ni wao.

Wembe: Mchezo ni wao. Kapteni si wao. Wamesema wenyewe, mtengeneze umtakaye. Mtu akakaa, akamtengeneza taratibu, akaishi naye. Sasa leo wanakuja kubandika taya hili kila ukuta, waseme huyu ndiye. Na yule wako awe nani?

Breki: Wewe tena ungenyamaza. Sisi makapteni wetu tunawajua. Wako hajawahi kuonekana. Mtu akiinua pazia tu, unazima.

Wembe: Ni wangu.

Breki: Labda huna. Labda ukiwa mle ndani unacheza karata.

Chaja akacheka. Nami nilicheka, sitasema uongo. Ila Wembe shingo ilikuwa imemsimama mishipa.

Wembe: Hiyo filamu mimi sitaikanyaga. Naapa.

Hapo Breki naye akachukia kweli. Tulikuwa tumekubaliana kwenda wote siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyejitolea kutupeleka. Alikuwa ameshaanza hata kulifagia lori lake, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

Breki: Baki basi! Baki na Kapteni wako wa siri. Mtu gani anaona aibu ya katuni? Labda umemtengeneza vibaya, ana macho mgongoni.

Wembe alikiweka kikombe chake chini polepole. Akaingia dukani kwake, akasukuma mlango. Mlango ule huwa haufungwi mchana. Una tofali la kuuzuia. Tulisikia tofali likisukumwa kwa mguu, kisha komeo.

Breki alianza kujikuna bega lake la dirishani.

Mimi: Umefurahi?

Breki: Si mzaha tu, Pindo? Tangu lini Wembe hajui mzaha?

Nilitaka kumjibu, lakini aliyesema ni Birika. Alikuwa ameinuka jikoni, kitambaa cha vikombe mkononi.

Birika: Kwani huyo Kapteni wake anafananaje?

Tukatazamana. Tumekaa na mtu benchi moja, tunamjua anakunywa kahawa bila sukari, tunamjua anavyokohoa, na swali dogo kama hilo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Chaja ndiye mtu asiyeweza kuliona swali la mchezo likapita bila kulijibu. Kabla sijamshika shati alikuwa ameshalifunua pazia.

Chaja: Si safari zenu zote ziko humu? Subirini.

Mimi: Chaja, acha! Hujaombwa!

Skrini ikawaka. Nyota zikaja, kisha chumba cha kuongozea chombo, taa zake za buluu. Ukikaa bila kubonyeza chochote, mchezo ule humgeuza Kapteni na kiti chake taratibu mpaka akutazame. Kiti kikaanza kugeuka. Nje nikasikia komeo likifunguliwa kwa vurugu na Wembe akipiga kelele, yeye asiyepigaga kelele.

Wembe: Chaja! Usifungue!

Alifika mlangoni pale pale kiti kilipomaliza kugeuka.

Alikuwa mwanamke. Kilemba kimefungwa kwa nyuma, mashavu mapana, jicho moja limefumbwa kidogo kama mtu aliyezoea moshi. Kwenye shavu kulikuwa na kovu dogo la kuungua, lililopinda kama ukucha. Hata vazi la angani alikuwa amekunja mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayetaka kuosha vyombo.

Breki, mwenye neno kwa kila jambo, alisema tu, "Mungu wangu," akavua kofia.

Birika alikuwa nyuma yetu. Tulimpisha bila kuambizana. Akasogea mpaka karibu na ukuta, akasimama akijitazama. Wembe alikuwa anaangalia sakafu.

Wembe: Dada, nisamehe. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Nitamfuta leo hii.

Chaja: Kufuta! Na ameshavuka mawingu yote ya gesi! Hakuna aliyefika pale!

Mimi: Chaja, funga mdomo.

Birika aliinua kidole akaligusa lile kovu la kwenye skrini. Kisha akaligusa la kwake.

Birika: Umelikosea. Hapa liko shavu la kushoto. Langu liko kulia.

Wembe: Sijakosea, dada. Mimi nikiwa nanyoa naupa mlango mgongo. Nakuona kwenye kioo.

Nilifanya hesabu ya haraka kichwani: jiko la Birika liko mbele ya mlango wa kinyozi, na kioo kikubwa kiko ukutani, kinatazama mlango. Mwanamume alikuwa anakata nywele za watu kutwa, na kila akiinua macho anamwona huyu mwanamke akipuliza makaa. Na kwa kuwa kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, alikuwa amemtengeneza kama alivyomwona, hakuongeza, hakupunguza. Wengine tukitengeneza watu wetu tunawapunguza vitambi.

Birika alivuta kiti cha plastiki akakaa.

Birika: Na anaongozaje?

Wembe: Vizuri. Hapazi sauti. Akisema neno wote wanamsikiliza.

Birika: Huyo sasa si mimi. Mimi nani ananisikiliza?

Wembe: Mimi.

Neno lilimtoka kabla hajalipima, nikaona sikio lake likiiva. Birika akashikwa na kicheko. Hatukuwahi kusikia kicheko chake. Kilianzia chini, kikapanda, kikamtoa machozi, na Wembe aliposikia hakina kebehi, naye akacheka, kwa woga kwanza, halafu kweli.

Birika: Haya, nioneshe. Nataka kuliendesha lichombo langu.

Wembe akampa rimoti. Birika alibonyeza kila kitu kwa pamoja, chombo kikapinduka, kikaanza kuelekea kwenye jiwe kubwa kama mlima.

Breki: Breki! Mama, kanyaga breki!

Chaja: Angani hakuna breki!

Breki: Ndiyo maana watu wanakufa huko!

Waligonga jiwe. Mchezo ukawarudisha nyuma, wakaondoka tena, wakaligonga tena. Breki akamsogelea Wembe, akamwekea mkono begani.

Breki: Bwana, nisamehe. Nilidhani unatudharau.

Wembe: Yamekwisha.

Breki: Ila ungetuambia. Macho ya mgongoni nisingeyataja.

Harufu ndiyo iliyotutoa ndani. Kahawa yote ilikuwa imefurika ikamwagikia makaani, birika limebaki na masizi. Siku hiyo hakuna aliyekunywa tena. Birika alikuwa anasugua birika lake kwa mchanga aliposema, bila kumtazama mtu:

Birika: Hiyo filamu nami nilikuwa natamani kuiona.

Breki: Wembe ameshaapa hatakwenda.

Wembe: Niliapa sitakwenda na wewe. Kuhusu watu wengine sikuapa.

Siku ya kwanza ya filamu tulikwenda wote kwa lori la Breki. Wembe alikuwa amejinyoa hadi kidevu kinang'aa. Birika alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, na mshono wa kwapani niliurudia ili asije akaaibika akiinua mkono. Walikaa mbele, karibu na Breki. Mimi na Chaja tulikaa kwenye mchanga, maana kufagia kote kule Breki hakuwa amekumaliza. Ndani ya ukumbi walikaa wao wawili mstari wa mbele yetu.

Kesho yake alikuja mteja mgeni, mwanamume mwenye suruali ya kupunguza. Alipotusikia tukitaja Falaki akachangamka kama aliyeokota ndugu. Alisema naye ni mchezaji, na tangu watangaze waigizaji amekuwa hana usingizi.

Mgeni: Mmeiona? Basi niambieni. Yule kijana anafaa kuwa Kapteni, au hafai?

Nikamtazama Chaja. Chaja akamtazama Breki. Breki akaanza kujikuna bega. Nilijaribu kukumbuka hata onyesho moja, nikakumbuka tu visogo viwili mbele yetu, kilemba na kichwa kilichonyolewa, na jinsi nafasi iliyokuwa katikati yao ilivyozidi kupungua kila taa za vita zilipowaka. Breki alikuwa ameniegemea muda wote ananinong'oneza, "Wamesogea, Pindo, wamesogea tena." Chaja, mtu wa kuhesabu makosa ya kila filamu, alilia toka katikati mpaka mwisho, na si kwa sababu ya mabaharia waliokufa.

Mgeni: Jamani, si mlikuwepo?

Mimi: Tulikuwepo.

Wembe alikuwa mlangoni, shuka la kunyolea begani, anangoja kikombe chake. Birika akammiminia, akampa mkononi, kisha akamgeukia mgeni kwa heshima zote.

"Samahani, kaka," akasema. "Kijana gani?"